Riale ya Bibi Mwenye Shela: Namna ya Kuitambua Sarafu ya Fedha Katika Urithi wa Mzee

Katika nyumba nyingi za askari wa zamani huwamo kisanduku cha bati ambacho, mzee mwenyewe alipokuwa hai, hakuna aliyethubutu kukigusa. Matanga yakiisha, jamaa hukaa pamoja na kukifungua. Humo hupatikana hati ya kuachishwa kazi jeshini, nishani mbili tatu zenye utepe uliofifia, picha ya vijana waliovaa kaptula na sweta, na chini kabisa kitambaa kilichofungwa fundo, ndani yake mna sarafu. Sarafu hizo ndizo tutakazozizungumza leo, na hasa ile moja iliyo kubwa kuliko nyingine zote, ambayo aghalabu hakuna hata mmoja katika jamaa ajuaye ni ya nchi gani wala ni ya nini.

Zilizo nyingi hazisumbui. Zile zenye tundu katikati ni senti za Afrika Mashariki, nazo ni za shaba. Shilingi yenye simba na milima nyuma yake ilipigwa tangu mwaka 1921. Hadi mwaka 1946 ilikuwa na robo moja tu ya fedha, na zilizofuata tangu 1948 hazina fedha hata chembe. Rupia ya Kihindi yenye kichwa cha Malkia Victoria, cha Edward wa Saba au cha George wa Tano, na rupia ya Mjerumani yenye Kaisari Wilhelm aliyevaa kofia ya chuma yenye tai, hizo ni fedha karibu tupu, sehemu 917 katika 1,000, na uzito wake ni gramu 11.66. Wazee wetu waliokuwa makarani wa kodi walizijua kwa kuzigusa tu.

Yafaa hapa tukumbushane kwamba lugha yetu hutumia neno moja, fedha, kwa madini na kwa pesa yenyewe. Sababu ni kwamba zamani vitu hivyo viwili vilikuwa kitu kimoja. Sarafu haikupata thamani yake kwa amri ya serikali bali kwa uzito wa madini yaliyomo, na mfanyabiashara aliyeitilia shaka aliitupa katika mizani. Sarafu kubwa tunayoitafuta leo ni ya namna hiyo hasa.

Uso wa sarafu

Ichukue sarafu hiyo uiweke penye mwanga. Ikiwa ni pana kiasi cha sentimita 4, nzito mkononi, na upande mmoja ina kichwa cha mwanamke mnene wa makamo anayetazama kuume, mwenye shela kichwani na kipini cha lulu begani, basi umekwisha kuijua nusu. Pambizoni mwake soma maneno haya ya Kilatini yaliyofupishwa: M. THERESIA D. G. R. IMP. HU. BO. REG. Maana yake ni Maria Theresia, kwa neema ya Mungu Malkia wa Dola ya Kirumi, Malkia wa Hungaria na Bohemia. Chini ya kifua pana herufi mbili ndogo, S.F. Upande wa pili kuna tai mwenye vichwa viwili, ngao kifuani na taji juu yake, na maneno yanaishia na mwaka 1780 na alama ndogo ya msalaba uliolala mfano wa herufi X.

Sasa iinue uutazame ukingo wake, jambo ambalo watu wengi hulisahau. Ukingo wa shilingi una mistari tu, lakini ukingo wa sarafu hii una maneno yaliyoinuka, IUSTITIA ET CLEMENTIA, yaani Haki na Huruma, yakichanganyika na mapambo. Maandishi ya ukingoni yaliyoinuka ni kazi ngumu sana kwa mghushi, naye mara nyingi huliacha ukingo uwe laini au huchora maneno yaliyodidimia.

Hiyo ndiyo riale, au reale, ya Maria Theresia. Wajerumani huiita thaler, na neno dola linalotumika leo duniani pote limezaliwa na neno hilo. Pwani ya Waswahili karne ya 19 mali ilihesabiwa kwa riale, na moja ilipata rupia mbili na ziada kidogo. Hata uzito uitwao wakia, katika mizani ya Unguja, ulikuwa ni uzito wa riale moja, na wakia 16 zilifanya ratili. Muuza karafuu au pembe aliyekosa jiwe la mizani aliweza kupimia kwa riale zake.

Malkia mwenyewe alizaliwa mwaka 1717, akatawala Austria na nchi nyingi zilizoungana nayo, akafiwa na mume mwaka 1765. Ndiyo sababu ya shela: ni shela ya ujane. Akafa Novemba 1780. Herufi S.F. ni za Schöbl na Faby, maofisa wawili wa kiwanda cha sarafu cha mji wa Günzburg, ambao leo umo katika Ujerumani.

Mwaka usiosema kweli

Hapa ndipo penye jambo kubwa la makala hii, nami naomba msomaji alishike vema. Mwaka 1780 ulioandikwa juu ya riale hii hauonyeshi mwaka ilipopigwa.

Wafanyabiashara wa Misri, Yemen, Sudan na Uhabeshi, nchi ambayo leo twaiita Ethiopia, walikuwa wameizoea sura ya bibi huyu kiasi cha kutotaka sura nyingine. Alipokufa, kiwanda kikaona afadhali kuendelea kupiga sarafu ile ile, kwa sura ile ile na mwaka ule ule, kuliko kupoteza soko. Tangu mwaka 1858 haikuwa tena pesa halali huko Austria kwenyewe, lakini iliendelea kupigwa Vienna kwa ajili ya biashara ya mbali. Watu sokoni waliichunguza kwa ukali wa ajabu. Walihesabu hata lulu za kile kipini cha begani, na lulu tisa zisipotimia, muuza kahawa aliirudisha. Mfalme Menelik alipigisha Paris, tangu mwaka 1894, sarafu yake nzuri yenye simba na maandishi ya Kihabeshi, uzito uleule. Hata hivyo haikuweza kumwondoa yule bibi sokoni. Waitalia nao mwaka 1918 walitoa yao, yenye mwanamke aliyefanana naye na tai, kwa ajili ya Eritrea. Watu waliikataa. Binafsi naona kisa hiki ni funzo kwa wale wadhanio kwamba mwananchi asiyesoma Kilatini hawezi kutambua kitu cha bandia.

Mwaka 1935 Mussolini, akijiandaa kuivamia Ethiopia, alipatana na Austria akapewa vyuma vya kupigia riale hiyo, vikapelekwa Roma. Nchi nyingine zilizokuwa na biashara katika Bahari ya Sham hazikukubali kuachwa bila sarafu. London ikaanza kuipiga mwaka 1936, Brussels mwaka 1937, na Paris nayo ikaipiga. Vita ilipofika Afrika Mashariki, Waingereza waliihitaji zaidi ili kuwalipa wazalendo wa Ethiopia na kununua chakula na wanyama wa mizigo, kwa maana mkulima wa milimani hakuitaka noti. Nacho kiwanda cha Bombay kikawekwa kazini kuipiga kwa mamilioni. Zote hizo, za Roma, za London, za Bombay, ziliandikwa 1780.

Ndipo askari wetu wanapoingia katika hadithi hii. Vikosi vya King's African Rifles kutoka Uganda, Kenya, Tanganyika na Nyasaland vilipigana Ethiopia katika mwaka 1941. Addis Ababa ilitwaliwa tarehe 6 Aprili, Mfalme Haile Selassie akarudi katika mji wake tarehe 5 Mei, na ngome ya mwisho ya Waitalia, Gondar, ikasalimu amri mwezi wa Novemba. Askari aliyekaa katika nchi ile miezi kadhaa alinunua mayai, alibadilishana sigara, aliona pesa ya wenyeji ikipita mkononi mwake. Si ajabu basi kwamba kipande kimoja au viwili vilirudi vimefungwa ndani ya soksi. Na huenda kipande hicho chenye mwaka 1780 kilikuwa kimetoka kiwandani miezi michache tu kabla, kikiwa kichanga kuliko kuruta wa mwisho wa kikosi.

Mizani, maji na barafu

Kuitazama hakutoshi, maana sura huigwa. Lakini uzito na ujazo kuviiga kwa pamoja ni vigumu, na kuvipima hakuhitaji mtaalamu kutoka Ulaya.

Kwanza mizani. Riale nzima ina uzito wa gramu 28.07. Iliyochakaa yaweza kupungua kidogo. Ikiwa mizani yasema 24 au 31, basi si yenyewe. Mizani ndogo ya betri inayosoma sehemu ya kumi ya gramu hupatikana mijini kwa bei nafuu, na sonara yeyote anayo. Lakini sarafu isitoke mbele ya macho yako hata kwa dakika moja.

Pili sumaku. Fedha haivutwi na sumaku. Sarafu ikirukia sumaku, ni chuma kilichopakwa rangi, na kazi imekwisha. Isiporuka, bado hujajua, kwa sababu shaba na risasi nazo hazivutwi.

Tatu maji, nacho ndicho kipimo ninachokipenda kuliko vyote kwa kuwa hufanyika jikoni. Weka kikombe chenye maji nusu juu ya mizani ile, kisha bonyeza mizani isome sifuri. Ifunge sarafu kwa uzi mwembamba, itumbukize yote ndani ya maji ikiwa inaning'inia, isiguse chini wala ubavuni. Mizani itaonyesha uzito wa maji yaliyosukumwa na sarafu. Kwa riale ya kweli, ambayo ni sehemu 833 za fedha katika 1,000 na iliyobaki shaba, yapaswa kusoma baina ya gramu 2.7 na 2.8. Ukigawanya 28 kwa 2.75 wapata kama 10.2, nao ndio uzito wa mchanganyiko huo ukilinganishwa na maji. Kipande cha shaba na nikeli chenye gramu hizo hizo 28 kitasukuma maji zaidi, gramu 3.1 au zaidi, kwani madini hayo ni mepesi kuliko fedha. Watoto wa shule wafanyishwe hesabu hiyo. Wataielewa haraka kuliko ubaoni.

Mwenye friji aweza pia kuweka vipande viwili vya barafu vilivyo sawa, kimoja juu ya riale na kingine juu ya sarafu ya kawaida yenye ukubwa unaokaribiana. Fedha hupitisha joto upesi mno, hivyo kile cha juu ya riale kitaanza kuyeyuka mara moja. Lakini shaba nayo hupitisha joto vizuri, kwa hiyo barafu ni nyongeza tu ya maji na mizani.

Tindikali tuwaachie masonara, na tupa isitumike kabisa. Wala isisuguliwe. Mama mwenye nyumba safi huona weusi juu ya fedha akadhani ni uchafu, akachukua majivu, mchanga au dawa ya kung'arishia vifungo vya sare ya mumewe. Weusi ule ni ngozi ya fedha, hauli kitu, na mnunuzi anayekusanya sarafu huupenda. Akiona mikwaruzo ya msuguo hupunguza bei papo hapo.

Si kila kipande kikubwa cheupe ni riale. Kikiwa kimeandikwa 999 na neno la Kiingereza lenye maana ya wakia moja, hicho ni fedha ya akiba ya siku hizi, gramu 31.1, pengine kililetwa na kijana aliyefanya kazi ughaibuni. Zipo pia sarafu za fedha za ukumbusho ambazo Uganda ilizitoa kwa ajili ya ziara ya Baba Mtakatifu Paulo wa Sita mwaka 1969, nazo zina nembo yetu wenyewe. Na nishani ya fedha ya vita vya 1914 hadi 1918 huonekana kama sarafu ikikatika kishikizo chake: itazame ukingoni, huenda namba na jina la babu yamechongwa pale. Hiyo isipelekwe kwa sonara kwa sababu yoyote.

Matapeli wa pande mbili

Katika ofisi ninayotumikia, alifika mjane wa koplo mmoja akiwa na wanawe watatu na shemeji yake. Ndugu hawa walikuwa hawasemezani. Shemeji alikuwa ameambiwa na mchuuzi mjini kwamba sarafu ya mwaka 1780 huko Ulaya hununua nyumba, ila kwanza zatakiwa shilingi laki nane za kibali na dawa ya kuisafisha. Alikuwa tayari amemtafutia mnunuzi ng'ombe wa marehemu. Kijana mkubwa naye alikuwa amepatana na sonara kwa shilingi elfu ishirini, na alishika noti mfukoni. Mama alikuwa amekaa katikati, ameishika riale ndani ya leso.

Tuliipima mezani, mbele ya wote. Gramu 27.9, maji gramu 2.7. Mchuuzi aliyeitwa kwa simu aje aone vipimo alisema yu njiani, na hadi leo yu njiani. Kijana alirudisha zile elfu ishirini. Ng'ombe alibaki zizini, ingawa maneno yaliyosemwa na wale ndugu wawili siku zile hayajasahauliwa nyumbani mwao, na sidhani kama yatasahauliwa upesi.

Tapeli wa kwanza husimama juu ya ule mwaka 1780, au juu ya rupia ya Mjerumani anayodai ina nguvu za ajabu. Dalili yake ni moja: hutaka wewe ndiye utoe pesa kwanza. Mnunuzi wa kweli wa kitu cha thamani hutoa pesa, hadai. Wa pili husema, hii ni pesa iliyokufa, haipokelewi dukani, nakusaidia tu. Huyu ni hatari zaidi kwa kuwa nusu ya maneno yake ni kweli.

Thamani yenyewe huhesabiwa hivi. Katika riale nzima mna gramu 23.39 za fedha safi, yaani robo tatu ya ile wakia ya gramu 31.1 ambayo soko la dunia hutangazia bei. Tuseme redio au simu yasema wakia ni dola 40. Robo tatu yake ni dola 30. Hiyo ndiyo thamani ya madini, na sonara atataka kupunguza kidogo apate faida, ni haki yake. Bei hupanda na kushuka, hivyo iulize siku ile ile ya kuuza, na uulize wanunuzi wasiopungua wawili. Kuhusu zile riale chache zilizopigwa mwaka 1780 kweli, hutofautishwa na wataalamu kwa vitu vidogo mno, kama umbo la manyoya ya tai na la kipini. Mtu asiuze shamba kwa kutumaini anayo.

Kabla ya kuigawa, au kuiuza na kugawana bedili yake, iandikwe katika orodha ya mali ya marehemu kama vile baiskeli na mabati yanavyoandikwa. Andikeni uzito, upana, maneno ya ukingoni na kila kovu iliyo nayo, ipigwe picha pande zote mbili na ukingo, kisha msimamizi wa mirathi na mashahidi watie sahihi. Ndugu zetu polisi watakubaliana nami kwamba mlalamikaji anayesema tu "nimeibiwa pesa ya kizamani ya babu" huwapa kazi ngumu, lakini mwenye picha ya kovu iliyo chini ya shingo ya tai huwapa pa kuanzia. Ikisha andikwa, ihifadhiwe ndani ya karatasi safi kavu, si ndani ya mfuko wa plastiki laini wala pamoja na mpira wa kufungia noti, kwa maana mpira huitia fedha madoa meusi yasiyotoka.

Akina mama wengine watakuta riale yao imetobolewa au imeunganishwa kishikizo juu ya kichwa cha bibi. Wasifadhaike. Katika Ethiopia, Yemen na Omani wanawake wengi walizivaa shingoni, mali na pambo kwa pamoja. Mkusanyaji wa sarafu ataipunguzia bei kwa sababu ya tundu, lakini fedha iliyomo ni ile ile, isipokuwa chembe iliyotoka tunduni, na risasi ya kuungia kishikizo, ambayo yafaa itolewe katika hesabu sonara anapopima.